Maji kwa Kijana wa Ndege

Mara ya kwanza Bibi Wadha alipotoka nyumbani peke yake alikuwa amevaa ndala za rangi mbili, mguu mmoja kijani na mwingine bluu, na mkononi ameshika chupa ya maji. Hidaya alikuwa jikoni anamkorogea uji wa shayiri. Alipoupeleka chumbani alikuta kitanda kitupu. Akatazama bafuni, akatazama sebuleni, kisha akaona lango la nyuma liko wazi. Alitoka mbio bila viatu.

Alimkuta kule ambako nyumba za Al Wukair, pembezoni mwa Doha, zinaishia na kunabaki uwanda wa changarawe, marundo ya mabomba na trekta la kusawazisha ardhi. Bibi alikuwa anakwenda polepole, lakini hasiti, kama mtu anayekwenda kwa jirani.

"Yumma!" Hidaya aliita. Ndivyo watoto wa bibi walivyomwita mama yao, naye Hidaya alilichukua jina hilo tangu wiki ya kwanza ya kazi. "Yumma, unakwenda wapi na jua lote hili?"

"Nampelekea maji."

"Unampelekea nani?"

"Kijana. Tangu asubuhi hajanywa."

Hidaya aliangaza mbele. Mtu pekee aliyeonekana ni dereva wa trekta, amejilaza kwenye kivuli cha mtambo wake. "Yule pale?"

"Siye," bibi alisema, akamtazama Hidaya kama anayeshangaa ujinga wake. "Yule wa ndege."

Baada ya hatua chache miguu ilimwishia nguvu, akaketi chini. Hidaya alimbeba mgongoni kumrudisha nyumbani. Hakuwa mzito. Njiani bibi alimnong'oneza sikioni kwamba maji yasimwagike.

Hidaya alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane, umri wake miaka arobaini na kidogo, mnene wa wastani, mwenye sauti nzito iliyowatisha watu kabla hawajamzoea. Kazi ya kulea wazee hakuisomea popote. Alijifunza kwa mama mkwe wake, aliyepigwa na kiharusi akalala miaka sita, na katika miaka hiyo Hidaya alijua namna ya kumgeuza mtu bila kumvunja heshima, namna ya kumlisha bila kumharakisha. Mume alipofariki, na mama mkwe akafuata, alimwacha mwanawe Rashidi kwa dada yake Mariamu akaja Doha. Nyumba ya kwanza ilikuwa na watoto wadogo wanne, na huko alikonda. Ya pili ndiyo hii, ya Madamu Aljazi, binti wa Bibi Wadha, aliyekuwa na kazi kubwa katika ofisi moja West Bay na alirudi kila siku na kichwa kinamuuma.

Jioni ile Aljazi alisikia habari akiwa bado hajavua viatu.

"Hidaya, mama angegongwa na gari!"

"Najua, Madamu. Unisamehe."

"Nitaweka kufuli kwenye lango."

Hidaya hakuwa mtu wa kubishana na waajiri. Lakini alimkumbuka mama mkwe wake na ule mlango wa chumba alioukwaruza mpaka kucha zikatoka damu. "Madamu," alisema, "ukiweka kufuli atalisukuma lango mpaka aumie. Niruhusu nitoke naye. Jua likipoa, mimi na yeye, tutembee mpaka achoke, turudi."

Aljazi alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi akifikiri. "Achukue kofia," alisema mwishowe. "Nawe uwe na simu. Na Hamza awafuate na gari."

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri wanawake wawili walitoka kwa lango la nyuma, na nyuma yao gari kubwa jeupe likitambaa. Hamza, dereva, Mzanzibari mwenye maneno mengi, alilalamika siku tatu za mwanzo. "Dada Hidaya, mie nimekuja Arabuni kuendesha gari. Huku ni kuchunga kobe." Siku ya nne alileta kiti cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi, na tangu hapo hakulalamika tena.

Bibi alikuwa na chupa yake ya maji kila mara. Alisema maneno mafupi yasiyo na kichwa wala miguu. Kwamba nywele za kijana zilikuwa kama kutu. Kwamba mama amemlaza upande wenye joto, karibu na mbuzi. Kwamba baba amekwenda na ngamia na hajarudi. Hidaya aliitikia tu. Mtu ambaye akili yake inarudi nyuma humvuti kwa nguvu; unakwenda naye mpaka mwenyewe akumbuke kurudi.

"Huyo ni jini," Hamza alisema siku moja, kwa sauti ya chini. "Jangwa hili lina wenyewe."

Hidaya alisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, akaendelea kutembea. Lakini kadiri siku zilivyokwenda aliona mambo ya bibi ni ya kushikika mno kuwa ya majini. Jini gani angenuka petroli? Bibi alisema mbuzi walikataa kula majani ya mahali pale msimu mzima kwa sababu ya harufu. Alisema waliokota vipande vya kioo ambacho si kioo, kinapinda bila kuvunjika, na watoto walivitumia kutazamia jua.

Siku za Jumapili, bibi akisinzia, Hidaya alimpigia simu mwanawe. Rashidi alikuwa na miaka kumi na mitano, sauti inaanza kukatikakatika. Mariamu alimlea vizuri, hilo Hidaya hakulipinga hata siku moja. Ila ilikuwa imefika mahali ambapo kijana alimwita Mariamu mama, na yeye alimwita mama wa Doha.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula. Mama alipika makande."

"Shule?"

"Poa. Mama wa Doha, naomba nikate, wenzangu wananisubiri mpirani."

Hidaya alicheka, akakata yeye kwanza ili asisikie simu ikikatwa.

Mvua ya kwanza ya majira ya baridi ilinyesha usiku kucha, na kesho yake hewa ya Al Wukair ilikuwa safi hata minara ya mbali ikaonekana. Alasiri hiyo bibi alitoka bila chupa. Alitembea kidogo, akaketi kwenye kiti cha Hamza, akauliza kwa sauti ambayo Hidaya hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwenye nyumba:

"Wewe ni mtu wa wapi, binti yangu?"

"Wa Tanzania, Yumma. Kondoa."

"Una watoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Na yuko mbali nawe." Bibi alitikisa kichwa. "Keti. Nitakwambia habari ya mtoto mwingine wa kiume aliyekuwa mbali na mama yake."

Akamsimulia yote, kwa mpangilio, bila kupotea hata mara moja.

Alikuwa msichana wa miaka minane hivi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Watu wa kwao walikuwa wamepiga mahema yao ya singa nyeusi za mbuzi, mwendo wa nusu siku kutoka mji wa Al Wakrah, kufuata majani yaliyoota baada ya mvua. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, mtu humwoni mbuzi mpaka umguse. Wadha alisikia ndege. Ndege nyingine alikuwa amekwisha kuzisikia, zikipita juu sana, lakini hii ilikuwa chini, ikienda na kurudi kama mtu anayepapasa mlango gizani. Halafu kishindo. Halafu mbuzi wote wakanyamaza.

Haikuwaka moto. Wanaume walikimbilia kule, na Wadha nyuma yao. Walikuta ndege mpya kabisa, rangi inang'aa, tumbo limepasuka. Ndani hamkuwa na kiti hata kimoja cha abiria. Palipotakiwa kuwa na viti palikuwa na mapipa ya mafuta.

Hilo Hidaya hakulielewa wakati ule, wala bibi hakuweza kulieleza. Walikuja kuelezwa baadaye. Zama hizo ndege ikishanunuliwa ilirushwa yenyewe kutoka kiwandani mpaka kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko upande wa pili wa dunia. Rubani na fundi, watu wawili tu, walipewa ramani na mafuta ya akiba, wakaruka kituo kwa kituo juu ya bahari na majangwa wasiyoyajua, na baadhi ya ndege hizo hazikufika. Zilipotelea kwenye ukungu, kwenye mawingu ya milima, au mafuta yaliisha kabla nchi kavu haijaonekana. Ndege hii ilikuwa inatoka Uingereza kwenda kwa mnunuzi wake India.

Rubani alikuwa amekwisha kufa. Fundi alikuwa hai, kijana mwembamba, kiuno kimepondeka. Walimbeba juu ya zulia mpaka hemani. Baba yake Wadha alipanda ngamia kwenda kutafuta Wazungu wa mafuta walioko kusini, bandarini. Aliwapata, nao wakatoka na gari, lakini mvua ilikuwa imeigeuza ardhi ya chumvi kuwa tope, na gari likazama mara baada ya mara. Zilipita siku mbili.

"Siku mbili hizo zote," bibi alisema, "alikuwa anasema neno moja. Mami. Mami. Mama yangu akasema, anaomba mai." Mai, kwa Kiarabu cha kule, ni maji. "Akaniambia, Wadha, lete mai. Nikakimbilia kiriba. Mama akamwinua kichwa, akamnywesha. Akanywa kidogo, akageuza uso, akasema tena. Mami. Mama akasema, Wadha, lete mai. Nilikwenda na kurudi mpaka nyayo zikapasuka. Nilijivunia kazi ile. Nilisema moyoni, huyu atapona kwa maji yangu."

Hakupona. Alikufa alfajiri, kichwa chake pajani mwa mama yake Wadha. Mchana ule gari lilifika. Wazungu walivua kofia, wakamshika mkono kila mwanamume, wakawachukua marehemu wote wawili. Walizikwa wapi, watu wa mahemani hawakuambiwa, na hawakuwa na lugha ya kuuliza.

"Miaka ikapita," bibi aliendelea. "Nikaolewa, tukahamia nyumba za mawe. Siku moja watoto wa jirani, Wazungu, walikuwa wanaendesha baiskeli barabarani. Mmoja akaanguka, goti likachanika. Akalia, Mami! Mami! Mimi nilikimbia ndani nikamletea kikombe cha maji. Nikatoka nacho, nikamkuta mama yake amekwisha kufika, amemkumbatia. Na mtoto bado anasema, Mami, Mami, mdomo kwenye shingo ya mama yake."

Nyuma yao Hamza alikuwa anafuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nilisimama pale na kikombe mkononi, nikaelewa. Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa, sikuweza kumwambia. Nikarudi ndani nikayamwaga maji. Sijamwambia mtu."

"Kwa nini, Yumma?"

"Ningesema nini? Kwamba mtu alimwita mama yake siku mbili, na sisi tukampa maji?"

Hidaya alimshika miguu, akaisugua kwa viganja kama alivyofanya kila jioni. Walipofika nyumbani bibi alikuwa amekwisha kumsahau Hidaya. Alimwuliza kama amewaona mbuzi.

Kwa siku mbili Hidaya alikaa na habari ile. Siku ya tatu alimfuata Aljazi sebuleni. Dana, binti wa Aljazi anayesoma chuo kikuu, alikuwa amejilaza kwenye kochi na kompyuta tumboni.

"Madamu, yule kijana wa mama si ndoto. Alikuwapo."

Aljazi alisikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni alitaka kukataa. "Mimi ni mtoto wake wa mwisho, nimelala naye kitanda kimoja mpaka nina miaka kumi. Hajawahi kunitajia." Aliinuka akaenda chumbani kwa mama yake kumwuliza, akarudi macho mekundu. Bibi alikuwa amemwita kwa jina la shangazi yake na kumtuma akafunge mbuzi.

Dana alikuwa amekwisha kuketi wima. "Ndege ikianguka watu wanaandika," alisema. "Lazima kuna mtu anajua."

Akaanza kuwaandikia watu wanaofuatilia habari za ndege za zamani, na ajabu ni kwamba wako wengi duniani, wazee wengi wao, wenye subira. Majibu ya mwanzo hayakuwa na kitu. Baada ya wiki kadhaa mzee mmoja wa Uingereza alijibu. Ndege ya injini mbili, alisema, ilianguka majira ya baridi baada ya kujaza mafuta Bahrain. Fundi wake alikuwa Mwairishi wa miaka ishirini na mitatu aliyeitwa Shaun. Mzee yule ndiye aliyewaunganisha na msichana anayeitwa Melissa, ambaye bibi yake, Nora, alikuwa mdogo wake Shaun. Nora alikuwa hai. Alikuwa na miaka themanini na minane, anaishi katika nyumba ya wazee kule Ireland, na alikumbuka kila kitu.

Nyumba nzima ilifurahi, mpaka ujumbe wa pili wa Melissa ulipofika. Dana aliusoma kwa sauti akaishia njiani. Melissa aliandika kwamba familia yao waliambiwa Shaun alikufa papo hapo, bila maumivu. Mama yao aliishi na faraja hiyo mpaka akaingia kaburini nayo, na Nora anaishi nayo mpaka leo.

"Basi tuache," Aljazi alisema. "Tumwambie tunamkumbuka ndugu yake, tumwombee, tuishie hapo. Kwa nini umwingizie mtu kisu akiwa na miaka themanini na minane?"

"Lakini ndiyo kweli, mama," Dana alisema. "Na bibi ameibeba peke yake maisha yake yote."

Walibishana. Hidaya alikuwa anatoa vikombe vya chai mezani, akiwa hana nia ya kuingia kati. Aljazi akamgeukia. "Hidaya, wewe una mtoto mbali. Wewe ungetaka nini?"

Hidaya aliiweka sinia chini. Mwaka uliopita, alisema, Rashidi alianguka kutoka juu ya ukuta wa shule akavunjika mkono. Yeye Hidaya alifichwa habari hiyo wiki nzima ili asipate wasiwasi ugenini. "Nilipojua, Madamu, kilichoniuma si mkono. Mkono ungepona. Kilichoniuma ni kuwaza, wakati wanamfunga plasta, nani alikuwa amemshika? Nilipoambiwa ni mwalimu wake, mwanamke, na kwamba alimwimbia, nililala usingizi." Akafikiri kidogo. "Mimi ningetaka kujua kwamba kulikuwa na mtu. Lakini mimi si Nora. Muulizeni mjukuu wake. Yeye ndiye anamjua."

Dana aliandika kwa uangalifu, akisema tu kwamba bibi yake alikuwa na Shaun mwishoni, na kwamba mambo hayakuwa kama walivyoambiwa. Siku zikapita bila jibu. Aljazi alianza kujilaumu. Kisha Melissa akaandika: nimemwambia bibi, amekaa na jambo hilo siku nzima bila kula, halafu akasema, wapigie simu, kwa umri wangu wananilinda na nini?

Walipiga Ijumaa, baada ya swala. Dana aliisimamisha kompyuta ndogo mezani, akaiegemeza kwenye bakuli la tende. Bibi Wadha alivishwa buibui lake zuri, lakini siku hiyo haikuwa nzuri kwake. Alikuwa anachezea pindo la mto na kuuliza kama mvua imekata. Hidaya aliketi chini, akampakata miguu.

Kwenye kioo alitokea mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe nyepesi, sweta la rangi ya udongo, na nyuma yake dirisha lililojaa mvua. Melissa alikuwa pembeni yake. Dana alitafsiri, Kiingereza kwa Kiarabu, Kiarabu kwa Kiingereza.

Bibi Wadha alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu. Mikono yake iliacha kuchezea mto.

"Huyu nani?"

"Bibi, huyu ni Nora. Ni mdogo wake yule..."

Bibi alikuwa amekwisha kujisogeza mbele. "Wewe ndiye mama yake?" alimwuliza yule mwanamke wa kwenye kioo.

Dana alimtazama mama yake, Aljazi akatazama chini.

"Anasemaje?" Nora aliuliza.

Dana hakutaka kudanganya. "Anauliza kama wewe ni mama yake Shaun."

Nora alijishika mdomo. Melissa akamshika bega, akataka kusema kitu, naye akamzuia kwa mkono. Mvua ilionekana ikitiririka dirishani nyuma yao.

"Mwambie ndiyo," Nora alisema. "Mwambie ni mimi."

Dana alipotafsiri, Bibi Wadha alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Alikuita," alisema. "Siku mbili alikuita. Sisi tulidhani anataka maji. Wallahi hatukujua. Lau tungejua tungekutafuta."

Sauti ya Dana ilikatika katikati ya kutafsiri, akaanza upya. Nora alisikiliza, machozi yanamteremka, na hakuyafuta.

"Mlimpa maji?"

"Mimi nilimletea. Mama yangu alimshika kichwa."

"Kwa hiyo hakuwa peke yake?"

Bibi Wadha alionekana kushangaa. "Peke yake vipi? Alikuwa kwetu."

Hapo Aljazi aliinuka akasimama dirishani, amewapa mgongo. Nora akaongea polepole, na Dana akafuata neno kwa neno.

"Ulikuwa mtoto mwema, Wadha. Ulimletea mwanangu maji, na mama yako alimshika badala yangu. Nakushukuru, binti yangu. Sasa pumzika miguu yako."

Bibi aliitazama miguu yake mapajani kwa Hidaya. Akaegemea nyuma. "Mwambieni chai itapoa," alisema. "Kwa nini hajakaribishwa chai?"

Dana alitafsiri na hilo pia, na Nora akacheka huku analia, akainua kikombe chake kuwaonyesha kwamba anacho.

Walizungumza Ijumaa nyingi baada ya hiyo. Siku nyingine bibi alimjua Nora ni nani, siku nyingine hakumjua, na Nora alikubali kuwa yeyote aliyehitajika. Waliulizana habari za hali ya hewa na mbuzi. Nora alikuwa amekulia shambani na mbuzi aliwajua. Kwake ndipo walipojua kwamba Shaun alizikwa Bahrain. "Bahrain?" bibi aliuliza. "Hapo tu?" Aljazi alikwenda mwenyewe, siku mbili, na aliporudi alimwambia mama yake kwamba mahali pale ni safi na pana mti.

Mwezi wa pili Aljazi alimpa Hidaya likizo kabla ya wakati wake. Kondoa alikuta kijana aliyemzidi urefu. Siku za mwanzo walikuwa na haya baina yao, kama wageni. Jioni moja alimwomba amwonyeshe ule mkono uliovunjika, naye akaukunja na kuukunjua, akamweleza yote, ukuta, mwalimu, wimbo ambao mwalimu aliuimba vibaya sana. Mariamu alikuwa anapepeta mchele karibu, naye Hidaya alimsikia kijana akiita "mama," wakageuka wanawake wote wawili, wakaangua kicheko. Aliporudi Doha aliambiwa bibi alikataa uji wa kila mtu mwezi mzima.

Bibi hakuacha kutoka. Alasiri zikipoa walipita lango lile lile, ingawa uwanda ulikuwa unapungua. Nyumba mpya zilikuwa zinainuka, na walitembea kati ya nondo na matofali, wafanyakazi wakiwapisha.

Nora alifariki mwezi wa nne, usingizini. Melissa alipiga simu asubuhi. Bibi Wadha alikuwa na akili zake siku hiyo, akasikiliza, kisha akamwita Aljazi.

"Kuna mtu wetu amekufa," alisema. "Mchinje mbuzi."

Aljazi alifungua mdomo kusema kitu, pengine kwamba yule hakuwa Mwislamu, pengine kwamba siku hizi nyama hununuliwa. Akaufunga. Alimpigia Hamza simu.

Hidaya alipika na wanawake wengine wa nyumba mpaka adhuhuri, wali wa nyama wenye iliki na ndimu kavu, sufuria kubwa mbili. Bibi alitaka upelekwe kwa wale wanaojenga. Hamza alirudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na jengo, wakashusha sinia la kwanza kwenye kivuli cha ukuta ambao haujapigwa plasta. Wafanyakazi walikuja wakipangusa mikono kwenye suruali, Wanepali, Waghana, na Mkenya mmoja, Arnold, ambaye Hidaya alimfahamu kwa salamu tu.

"Hii ni sherehe ya nini, mum?" Arnold aliuliza kwa Kiswahili.

"Si sherehe. Ni msiba."

"Ooh, pole sana." Alivua kofia yake ya kazi. "Amefariki nani? Ni yule shosho mnayetembea naye?"

"Hapana, yeye mzima. Ni jamaa yake."

"Wa hapa hapa?"

Hamza ndiye aliyemjibu, akivuta sinia la pili kutoka garini. "Wa mbali, kaka. Lakini wa kwetu. Hebu shika upande huo, la moto."

Arnold alishika upande wake, wakalishusha pamoja.